Koleo lenye kigurudumu cha namba: si la ng'ombe, si la tiketi

Swali: Shikamoo mwalimu. Tumefungua sanduku la babu hapa Mpwapwa tukakuta chombo cha chuma kama bastola ndogo. Kina mipini miwili. Ukiibana inakaribiana, ukiachia springi inairudisha. Mbele kuna kigurudumu cha chuma, ukubwa wa kifungo cha koti, kimezungukwa na namba kuanzia 4 hadi 12 na kimeshikwa na skrubu. Ukibana, kitu kama kidole kinatoka na kugonga ukingo wa kigurudumu hicho. Maandishi yamefutika, nasoma "...IPSE", 77 na "ENGLAND". Baba mdogo anasema ni cha kutia alama masikio ya ng'ombe. Shangazi anasema ni cha kutobolea tiketi, maana babu aliwahi kufanya kazi reli pale Gulwe. Jirani anasema ni cha kung'olea meno. Nani kapatia? Na je, kina thamani? Nimeambatanisha picha tatu.

Jibu: Marahaba. Jirani ndiye aliyekaribia, ingawa mwenyewe hakujua. Chombo hiki ni cha meno kweli, ila ni meno ya msumeno, na kazi yake ni kuyapinda. Ni koleo la kuseti meno ya msumeno, na herufi zilizobaki zinatosha kulitaja kwa jina: Eclipse namba 77, la kiwanda cha James Neill cha Sheffield, Uingereza.

Nitaeleza jinsi ya kuthibitisha hata bila maandishi, maana kwenye masanduku ya wazee vyombo vingi vimefutika kila herufi, na umbo la jumla hudanganya. Makoleo yote hufanana mkononi. Usiangalie mipini, angalia mdomo, pale chuma kinapokutana na kazi.

Tuanze na la baba mdogo, maana Mpwapwa ni nyumbani kwa kituo cha mifugo tangu enzi za Wajerumani, na si ajabu kukuta vifaa vya ng'ombe kwenye nyumba za wazee. Koleo la kukata alama masikioni lina taya mbili: moja ina kisu chenye umbo la V au U, nyingine ina tundu la umbo lilelile. Kisu kinaingia ndani ya tundu na kipande cha sikio kinadondoka upande wa pili. Koleo la tiketi la shangazi linafuata kanuni hiyohiyo kwa kipimo kidogo, kijiti kinapita kwenye tundu na kuacha alama kwenye karatasi. Kwa hiyo jaribio moja linawamaliza wote wawili. Chukua karatasi, iweke mdomoni mwa koleo, bana. Ikitoboka na kuacha duara, nyota au pembe safi, chombo ni cha kutobolea. Ikibaki na mkunjo tu, kama karatasi iliyobanwa kwa ukucha, hakuna tundu la kupokea, na hicho si chombo cha kutobolea kitu chochote. Kwenye picha yako ya pili uso wa kigurudumu ni mzima, hauna tundu isipokuwa lile la skrubu inayokishika.

Koleo la kung'olea meno ya binadamu kwa kawaida halina springi, halina skrubu ya kurekebisha, na halina namba za kuzungusha. Ni vyuma viwili vilivyopishana kama mkasi, na midomo yake imechongwa mbonyeo ili ikumbatie jino.

Kuna mmoja hamkumtaja ambaye ndiye anayechanganya watu kuliko wote: koleo la mshona viatu. Nalo lina gurudumu linalozunguka, mara nyingine lenye namba. Tofauti ni kwamba gurudumu lake limebeba mirija, kwa kawaida sita, kila mmoja na kipenyo chake, na mirija hiyo ina uwazi ndani ili ngozi iliyokatwa itokee. Kigurudumu chako hakina mirija. Kina mteremko.

Huo mteremko ndio kiini cha chombo chote. Legeza skrubu, kizungushe polepole chini ya taa, utaona ukingo wake umepigwa mshazari, na mshazari huo haulingani pande zote: karibu na namba 4 ni mpana, karibu na 12 ni mwembamba kama ukucha wa mtoto. Hicho ni fuawe kidogo. Jino la msumeno linalala juu ya mteremko, na kile ulichokiita kidole, ambacho mimi nitakiita kinyundo, kinalisukuma mpaka liufuate. Ukibana taratibu utagundua pia kwamba vitu vinavyosogea ni viwili, si kimoja. Kinatangulia kile kipana, kinashika bamba la msumeno lisicheze. Kisha katikati yake kinatoka chembamba, ndicho kinachopinda jino. Hakuna koleo la ng'ombe wala la tiketi lenye hatua mbili za namna hii.

Kwa nini meno yapindwe? Msumeno wenye meno yaliyonyooka unakata njia yenye upana sawasawa na bamba lake. Baada ya sentimita chache bamba linaminywa na mbao pande zote mbili, linapata joto, linakwama. Fundi asiyejua anapaka mafuta au sabuni, msumeno unakwenda kidogo, unakwama tena. Meno yakipindwa kidogo, moja kushoto, linalofuata kulia, njia inakuwa pana kuliko bamba, msumeno unapita huru na unga unapata pa kutokea.

Kiasi cha kupinda ndicho kinachowashinda wengi. Bamba la msumeno wa kawaida wa mkono lina unene wa karibu milimita 0.9. Kwa mninga mkavu, ule unaotoka Tabora na Katavi, upana wa meno baada ya kupindwa usizidi milimita 1.15 hadi 1.2. Kwa mbao za msonobari kutoka Mufindi, ambazo mara nyingi hufika mjini bado zina maji, nenda 1.3 hadi 1.35. Ukipita mara moja na nusu ya unene wa bamba unajitesa bure: unakata unga mwingi kuliko unaohitaji, mkono unachoka, na msumeno unayumba ndani ya njia yake kama mlevi kwenye uchochoro mpana. Kama huna kalipa, yaani chombo cha kupimia unene, azima zile bamba nyembamba ambazo fundi magari anapimia nafasi ya plagi. Weka rula iliyonyooka ubavuni mwa bamba la msumeno, ichomoze kuelekea kwenye meno, upime mwanya kati ya rula na bamba: milimita 0.15 upande mmoja ni kazi nzuri ya mbao kavu.

Sasa namba. Zinahusu wingi wa ncha za meno ndani ya inchi moja, yaani milimita 25.4. Weka sifuri ya rula juu kabisa ya ncha ya jino, hesabu ncha hadi inchi moja, zote mbili za mwisho zikihesabiwa. Ukipata 8, msumeno wako una ncha 8 kwa inchi, na meno kamili ni 7. Watu wawili wakibishana kama msumeno ni wa 7 au wa 8, mara nyingi wote wanasema kweli, mmoja kahesabu ncha, mwingine kahesabu meno.

Lakini usizichukue namba hizo kama sheria. Ukiweka 8 kwa msumeno wa ncha 8, koleo hili huwa linapinda zaidi ya inavyotakiwa kwa mbao kavu. Anza namba mbili au tatu juu, yaani 10 au 11, kata mbao ya majaribio, na ikikwama ndipo ushuke. Jino lililopindwa kidogo linaongezwa kwa mbano mmoja. Jino lililopindwa kupita kiasi halirudishwi kirahisi: chuma kikipelekwa huku na kule kinachoka, na safari ya pili au ya tatu linakatika.

Hapo picha yako ya tatu inanipendeza. Kigurudumu kimefungwa kwenye 7, na pale penye 7 mteremko unang'aa, wakati sehemu nyingine zote zimefubaa. Yaani kwa miaka mingi koleo hili limefanya kazi mahali pamoja. Babu alikuwa na msumeno mkuu mmoja, na kama alijua anachofanya, ulikuwa wa ncha 4 au 5 kwa inchi, wa kuchania mbao kwa urefu au kukata mbao nene za paa. Kwa kazi nyembamba za milango na masanduku angehitaji 10 na kuendelea, na huko hakujaguswa. Ndiyo maana nasema kila siku: chombo cha zamani usikisafishe kabla hujakisoma. Mng'ao ule ungefutwa na grenda kwa sekunde tatu.

Kusafisha kwenyewe si kazi kubwa. Ukame wa Dodoma una faida yake, kutu ya kwetu huwa ya juujuu, haijala chuma kama ya Tanga au Unguja. Adui wa huku ni vumbi lililoganda na mafuta ya zamani ndani ya mfereji wa kinyundo. Changanya mafuta ya taa na oili nyepesi, nusu kwa nusu, mimina kwenye mdomo na kwenye kiungo cha mipini, lilaze usiku kucha kwenye kopo. Asubuhi bana na kuachia mara thelathini, uchafu mweusi utatoka wenyewe. Futa, rudia. Nje sugua kwa stilwaya ya sufuria yenye tone la oili, uishie hapo; rangi iliyobaki iache. Usitumbukize chombo kizima kwenye siki wala maji ya betri. Vinakula kutu, na vinakula pia springi, na springi ya aina hii ikikatika utatafuta sana ya kufanana nayo. Mwisho tazama uso wa kinyundo. Kikiwa na pembe iliyomeguka, kitapinda jino kwa mshazari. Unaweza kukisawazisha kwa jiwe la kunolea, viboko vichache tu, ukihakikisha uso unabaki bapa.

Kabla ya kulijaribu, angalia msumeno unaotaka kuuseti. Misumeno mingi ya madukani leo ina meno yaliyochomwa yakawa magumu kama kioo. Utayatambua kwa ncha zake nyeusi au za bluu iliyoiva, wakati bamba ni jeupe. Hiyo haisetiwi. Haiingii hata tupa, inateleza juu na kuacha mlio. Ukiibana kwa koleo, jino halipindi, linaruka, na linaweza kuruka machoni. Koleo la babu ni la misumeno ya zamani, au ya sasa ambayo meno yana rangi moja na bamba.

Msumeno ukishakubalika, kwanza sawazisha ncha kwa tupa bapa mpaka kila jino liwe na kidoa kinachong'aa juu, maana meno yasiyolingana urefu hayatapindwa sawa hata ufanyeje. Kama mengine yamebaki mafupi na manene, yarudishie umbo kwa tupa ya pembe tatu. Ndipo useti, na kunoa kwa mwisho kufuate baada ya kuseti.

Funga msumeno kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, kati ya vibao viwili, meno yaangalie juu na yatokeze sentimita tatu hivi. Utagundua kwamba meno ya zamani tayari yanaelekea pande mbili. Fuata mwelekeo yalionao, usiyageuze. Weka alama ya wino kwenye jino la kwanza linaloelekea mbali nawe. Pandisha koleo juu ya meno, mipini ikiwa upande wako na kigurudumu upande wa pili, likae limegusa ncha sawasawa bila kuinama. Kinyundo kiwe katikati ya jino hilo. Bana mpaka kikomo, achia, ruka jino moja, bana linalofuata. Nguvu ya mkono iwe ileile kutoka mwanzo hadi mwisho; ukichoka pumzika katikati, kwa sababu meno ya mwisho yanayobanwa kwa mkono uliochoka ndiyo yanayofanya msumeno uvute upande. Ukimaliza, geuza msumeno ufanye yale uliyoyaruka.

Kinachopindwa ni theluthi ya juu ya jino, au nusu ikizidi sana. Ukiona mkunjo umeshuka hadi kwenye shina, koleo limekaa chini mno au namba ni ndogo mno. Hapo ama jino litakatika, ama bamba lenyewe litaanza kupata mawimbi, na mawimbi ya bamba ni ugonjwa mwingine kabisa. Kosa la pili hutokea kwa misumeno midogo: kinyundo ni kipana kuliko jino, kwa hiyo kinasukuma na jirani yake anayetakiwa kwenda upande wa pili. Kwa namba 77 ya kawaida nisingeipeleka kwenye msumeno wenye ncha zaidi ya 10 au 11, hata kama kigurudumu kinaahidi 12. Na la tatu, linalotesa watu bila kujijua, ni skrubu ya kigurudumu iliyolegea. Kila mbano kinazunguka kidogo, unaanza kwenye 9 na kumaliza kwenye 7. Ikaze kwa bisibisi inayojaa mfereji wake, uitazame tena kila baada ya meno ishirini.

Kujua kama umepatia, tumia sindano ya kushonea. Shika msumeno meno juu, uuinamishe kidogo, uweke sindano kwenye bonde kati ya safu mbili za meno, upande ulioinuka. Kwa msumeno wa kukatia mbao kwa upana, uliosetiwa na kunolewa vizuri, sindano itateleza kwenye bonde hilo hadi mwisho bila kuanguka. Ikitoka nje, pale ilipotokea pana jino lililopotea njia. Halafu kata mbao halisi juu ya mstari wa penseli. Msumeno ukivuta kulia, meno ya kulia yamezidi. Laza jiwe la kunolea bapa ubavuni upande huo, lipitishe mara moja, jepesi, kutoka kwenye mpini hadi mwisho, ujaribu tena. Mara moja. Nimeandika mara moja kwa sababu mikono yetu inapenda tatu.

Kuhusu umri: neno "England" peke yake halikupi mwaka, na aina hii iliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi. Waingereza walitawala Tanganyika tangu baada ya Vita ya Kwanza hadi 1961, na vyombo vya Sheffield vilikuwa vya kawaida. Jirani zenu wa Kongwa walipata shehena ya zana wakati wa mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951, na reli ilikuwa na mafundi wake. Geuza mipini, tazama ndani kwa ndani. Mshale wa mistari mitatu kama unyayo wa kuku ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Herufi EAR&H ni za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoundwa 1948, na hapo shangazi atakuwa amepata nusu ya maksi. Ungekuta D.R.G.M., huo ungekuwa usajili wa Ujerumani ulioanza 1891, ila si kwa koleo hili la Sheffield.

Thamani ya fedha si kubwa, yalitengenezwa mengi na bado yapo mengi duniani. Akitokea mtu kuwaambia ni kitu adimu cha mamilioni, muulizeni anunue yeye. Kwa fundi seremala anayenoa misumeno yake mwenyewe, hata hivyo, likiwa zima linafanya kazi leo kama siku lilipotoka kiwandani.

Rudini kwenye sanduku mkatafute vitu viwili. Cha kwanza ni tupa ya pembe tatu, fupi, labda imechomekwa kwenye mpini wa gunzi la mahindi. Cha pili ni vibao viwili vinavyolingana, urefu wa mkono hivi, ukingo mmoja umechongwa mteremko na una mikwaruzo midogo mingi ya tupa. Vinaonekana kama takataka, lakini hivyo ndivyo alivyokuwa anabania msumeno. Msivitie jikoni.